Gari linachemsha mlimani tu: kabla hujakubali silinda hedi ifunguliwe

Swali: «Habari za kazi, fundi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A, gia otomatiki, naiendesha Dar es Salaam. Mjini, hata nikikaa kwenye foleni saa nzima, mshale wa joto hauvuki katikati. Lakini nimepanda Kitonga mara mbili kuelekea Iringa, na mara zote mbili mshale umeingia kwenye nyekundu kabla sijafika juu. Baada ya mara ya kwanza fundi wangu alitoa themostati, akasema haina kazi kwenye nchi za joto, akaunganisha feni moja kwa moja izunguke muda wote, na akabadilisha pampu ya maji. Mara ya pili gari likachemsha vilevile. Sasa naongeza maji karibu nusu lita kila wiki na sioni tone chini, mafuta yanakwenda sana, na fundi mwingine amefungua mfuniko wa oili akakuta ute mweupe. Anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, nikubali afungue au ninunue injini ya mtumba. Maji ninayotumia ni ya kisima cha nyumbani. Je, kweli ni gasketi? Nikiweka kulanti litapoa? Na Desemba nataka kwenda Njombe na familia, inawezekana?»

Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu, lakini ninavyokusoma hofu yako ni moja: kwamba utalipia injini nzima kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuna aliyeupima. Hofu hiyo ina msingi. Katika maelezo yako, kuanzia fundi wa kwanza hadi wa pili, nimeona vifaa vilivyotolewa, vilivyobadilishwa na vilivyounganishwa upya, ila sijaona kipimo hata kimoja. Gasketi, yaani kizibo chembamba kati ya silinda hedi na bloku ya injini iliyo chini yake, inaweza kweli kuwa imeungua, hasa kwa injini iliyoingia kwenye nyekundu mara mbili, na siwezi kukuhakikishia vinginevyo nikiwa mbali na gari. Hata hivyo dalili ulizoonyeshwa hazitoshi kuihukumu, na mbili kati yake, yaani ute mweupe na ulaji wa mafuta, zina uwezekano mkubwa wa kuwa zimesababishwa na kutolewa kwa themostati.

Habari yenye thamani kuliko zote katika barua yako ni kwamba gari linachemsha mlimani na kutulia kwenye foleni. Injini ya petroli hugeuza takribani theluthi moja tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Theluthi nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, na sehemu inayobaki huingia kwenye chuma cha injini, ambako lazima ibebwe na maji mpaka kwenye rejeta na kukabidhiwa upepo. Gari likiwa limesimama kwenye foleni, injini inaunguza mafuta kidogo mno, kwa hiyo joto linalozalishwa ni dogo na kinachokosekana ni upepo, ambao feni inautoa. Ndiyo maana gari linalochemsha mjini na kupoa barabara kuu huwa, mara nyingi, lina ugonjwa wa feni. Lako ni kinyume chake. Kwenye mlima, injini hiyohiyo inaunguza mafuta mara kumi au zaidi ya inavyounguza ikiwa imesimama, na mzigo wa joto unaokwenda kwenye rejeta unapanda pamoja nayo. Rejeta ambayo nusu ya njia zake zimeziba inaweza kuimudu foleni ya Dar es Salaam mwaka mzima bila kukuonyesha lolote, kisha ikashindwa mlimani ndani ya dakika chache.

Kitonga, kwa wasioifahamu, ni mteremko mkali wa barabara ya TANZAM kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, wenye kona nyingi na malori yaliyobeba mizigo yakipanda kwa mwendo wa kutambaa. Ukikwama nyuma ya lori, injini yako inafanya kazi ya nguvu huku gari likienda taratibu, na upepo wa mwendo unakuwa haupo. Unakuwa umekutanisha joto jingi kuliko yote na upepo mdogo kuliko yote. Udhaifu wowote uliojificha kwenye mfumo wa kupoza, hata uwe mdogo, hujitokeza hapo, na mara nyingi si udhaifu mmoja bali ni miwili au mitatu iliyorundikana.

Kabla sijafika kwenye rejeta nizungumzie mfuniko wake, kwa sababu ndicho kifaa cha bei ndogo kinachodharauliwa kuliko vyote. Watu wengi huuona kama kizibo tu. Kazi yake hasa ni kushikilia presha. Ukisoma juu ya mfuniko wa Corolla yako utaona namba, kwa kawaida 0.9 au 1.1, na hiyo ni presha kwa kilo kwa kila sentimita ya mraba. Maji yaliyofungiwa kwa presha ya 0.9 hayachemki kwenye nyuzijoto 100. Hustahimili mpaka karibu 118. Springi ya mfuniko ikichoka au mpira wake ukikauka, presha haishikiki, na maji hurudi kuchemka kwenye kiwango cha kawaida cha mahali ulipo. Iringa mjini, kwenye mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Joto hilo injini yenye afya hulifikia kila siku bila wewe kujua. Kwa hiyo gari lenye mfuniko mbovu linaweza kuchemsha kweli, likatoa mvuke na kutapika maji, huku kila kitu kingine kikiwa kizima.

Mfuniko unaeleza pia sehemu ya fumbo lako la maji yanayopotea bila tone kuonekana chini. Maji yakipata joto hutanuka, mfuniko huyaruhusu yaende kwenye chupa ya akiba, na injini ikipoa vali ndogo iliyo katikati ya mfuniko huyarudisha kwenye rejeta. Vali hiyo ikikwama, au mpira mwembamba wa kwenda kwenye chupa ukipasuka, maji huenda yasirudi: chupa inajaa, inamwagika barabarani ukiwa unaendesha, na kwenye maegesho hukuti alama yoyote. Jaribu hivi: asubuhi injini ikiwa baridi kabisa, jaza rejeta mpaka shingoni, weka alama kwenye chupa kwa kalamu ya wino, kisha endesha siku nzima kama kawaida. Kesho yake asubuhi fungua uangalie. Kama chupa imepanda na rejeta imepungua, mtuhumiwa wa kwanza ni mfuniko, ingawa gesi ya injini inayovuja kwenye maji huweza kuleta picha hiyohiyo. Vyote viwili vikiwa vimepungua, maji yanatoka mahali fulani, na hapo fundi mwenye pampu ya kupimia presha ya rejeta atakusaidia zaidi kuliko macho. Anaifunga mahali pa mfuniko, anajaza presha injini ikiwa baridi, kisha mnatazama mshale wake kama unashuka. Wakati huo apitishe tochi kwenye tundu dogo lililo chini ya shingo ya pampu ya maji, kwenye maungio ya mipira nyuma ya injini, na ndani ya gari chini ya zulia upande wa hita. Zulia lenye unyevu limewahi kukaa chini ya miguu ya abiria kwa miezi huku watu wakilaumu gasketi.

Sasa themostati. Hoja kwamba haina kazi kwenye nchi za joto ni ya kale na imeenea karibu kila gereji, nami nitaipinga bila kumvunjia fundi wako heshima, kwa sababu wengi waliirithi kwa walimu wao. Themostati ni vali yenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi hufunga njia ya rejeta; ikifika nyuzi 82 hivi huanza kufunguka, na kwenye 95 huwa imefunguka yote. Hali ya hewa ya nje haibadilishi jambo hilo, kwa kuwa tofauti ya nyuzi 30 za Dar es Salaam na nyuzi 10 za Makete si kitu mbele ya injini inayotaka kufanya kazi kwenye nyuzi 85 hadi 95. Injini inayokimbia kwenye nyuzi 60 ni injini mgonjwa. Kompyuta yake inaamini kwamba bado haijapata moto, inaendelea kuongeza petroli, na hapo ndipo mafuta yako yanakokwenda. Silinda nazo huliwa haraka, kwa sababu petroli ambayo haijageuka mvuke huosha oili kwenye kuta zake.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui, na ndilo linalokuhusu mlimani. Themostati ya injini kama 5A ina kisahani cha ziada chini yake. Njia ya rejeta inapofunguka, kisahani hicho huziba njia ya mkato ambayo maji yalikuwa yakiitumia kuzunguka ndani ya injini wakati wa kupata moto. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye foleni hutaona tofauti, au utaona injini imepoa kupita kiasi. Mlimani, ambako unahitaji kila tone lipite kwenye rejeta, unakuwa umepunguza uwezo wa mfumo kwa mkono wako mwenyewe. Utasikia pia maelezo kwamba bila themostati maji yanakimbia mno na hayapati muda wa kupoa. Hayo si sahihi: maji yakipita kwa kasi kubwa hukabidhi joto jingi zaidi kwa jumla. Lawama ni ya njia ya mkato.

Kwa hiyo, kabla ya kipimo chochote cha gasketi, rudisha themostati mpya na halisi ya nyuzi 82. Fundi aiangalie kabla ya kuifunga: aitie kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, aone inaanza kufunguka wapi. Ina kipini kidogo kinachochezacheza kwa ajili ya kupitisha hewa, kielekezwe juu. Baada ya hapo hewa itolewe kwenye mfumo, gari likiwa limeinuliwa mbele kidogo, hita ikiwa kwenye joto la juu kabisa, mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, mpaka themostati ifunguke na mapovu yaishe. Hewa iliyonasa kwenye silinda hedi inaweza kuchemsha injini isiyo na kasoro yoyote.

Ute mweupe chini ya mfuniko wa oili ndio uliokutisha, na nakuelewa. Maji yakiingia kwenye oili huifanya iwe na rangi ya chai ya maziwa. Lakini mahali pa kuitafuta rangi hiyo ni kwenye kijiti cha kupimia oili na kwenye oili inayomwagwa chini. Mfuniko wa juu ni miongoni mwa sehemu za baridi za injini, na unyevu wa hewa hugandia hapo kila siku. Injini inayofika joto lake kamili huukausha unyevu huo. Injini isiyo na themostati, inayoendeshwa safari fupi za mjini, haiukaushi, na utando mweupe hujijenga kidogo kidogo. Kama kijiti chako kina oili safi ya rangi ya kawaida na kiwango chake hakipandi, ule ute peke yake haujathibitisha gasketi. Ufute kwa kitambaa, rudisha themostati, endesha wiki mbili, kisha tazama tena.

Mtuhumiwa wangu mkuu ni rejeta, na sababu ni maji yako ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi, na maji magumu yakipashwa moto kila siku huacha ukoko kwenye kuta za vijia vyembamba vya rejeta na ndani ya bloku. Bloku ya 5A ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu, na maji yasiyo na kinga ya kutu huvila vyote viwili; kutu ile nyekundu unayoiona shingoni mwa rejeta inaishia kwenye vijia hivyo. Namna ya kupima ni rahisi. Injini ikiwa imepata moto sawasawa na themostati imefunguka, fundi apitishe kipimajoto cha miale kwenye uso wa rejeta, juu, katikati na chini, kulia na kushoto. Joto linapaswa kushuka taratibu kutoka juu kwenda chini. Sehemu iliyo baridi ghafla ni sehemu ambayo maji hayapiti. Mwambie atazame pia kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, ambako vumbi, wadudu na majani hutengeneza zulia usiloliona kwa mbele. Lioshwe kwa maji yasiyo na nguvu kubwa, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili mapezi membamba yasilale.

Rejeta ikithibitika kuziba, mafundi rejeta wanaweza kuifungua na kuzibua vijia kimoja kimoja. Kazi hiyo inafaa sana kwa rejeta za zamani za shaba. Kwa rejeta ya aluminiamu yenye matenki ya plastiki, kila kufungua hudhoofisha meno yanayoshika plastiki, nayo plastiki ya umri huo hupasuka, kwa hivyo mimi ningeweka rejeta mpya. Ukinunua, linganisha unene wa kiini na ile ya zamani, kwa sababu ziko zinazouzwa kuwa ni za Corolla 110 lakini ni nyembamba kwa kiasi kikubwa. Na kwa kuwa gari lako ni otomatiki, hakikisha ina kipozeo cha mafuta ya gia kwenye tenki la chini. Rejeta ya gari la gia za mkono inaweza kuingia mahali pake vizuri na ikaua giaboksi yako polepole.

Feni nayo isisahaulike kwa sababu tu inazunguka. Weka karatasi mbele ya gari kwenye wavu: feni ikiwa nzima, karatasi itavutwa na kunatana na wavu. Ikipeperuka nje, mota imeunganishwa kinyume, jambo linalotokea mara nyingi kuliko unavyodhani pale mtu anapounganisha moja kwa moja. Kava la plastiki linaloizunguka feni liwepo, maana bila hilo feni hupoza kipande tu cha rejeta. Ule muunganisho wa moja kwa moja ningeuondoa, hasa kama hauna fyuzi. Katika Corolla za kizazi chako, ukichomoa waya wa swichi ya feni huku ufunguo ukiwa umewashwa, feni inapaswa kuzunguka. Ikizunguka, mota na relei ni nzima na swichi ndiyo ya kubadilishwa. Katika hali ya kawaida huwaka maji yanapokaribia nyuzi 93.

Kwa haraka tu: mkanda wa altaneta ndio unaozungusha pampu ya maji kwenye injini hii, kwa hiyo mkanda uliolegea huteleza mlimani. Mpira wa chini wa rejeta uliochoka hubonyea ndani kwa mvuto wa pampu unapoongeza mwendo. Taiming ya moto iliyochelewa huongeza joto. Kwa 5A ni nyuzi 10 kabla pistoni haijafika kilele, ikipimwa vituo vya TE1 na E1 vya kisanduku cha uchunguzi vikiwa vimeunganishwa. Ekzosi iliyoziba huinyima injini pumzi, na breki zinazoshika huiongezea mzigo.

Tukija kwenye gasketi yenyewe, kipimo cha kwanza unaweza kukifanya wewe. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, jaza, funga, washa, na uushike mpira wa juu. Ukikakamaa kwa presha ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, presha hiyo haijatoka kwenye joto. Imetoka kwenye silinda. Mapovu yasiyokoma kwenye shingo ya rejeta baada ya hewa yote kutolewa yana maana hiyohiyo. Dalili nyingine ni injini kutetemeka kama inayokosa silinda moja inapowashwa asubuhi, kisha kutulia, na moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikiwa ya moto. Kipimo cha pili ni cha gereji: kuna kichupa chenye dawa ya buluu kinachowekwa shingoni mwa rejeta injini ikiwa inaunguruma, na dawa hiyo hugeuka njano ikikutana na gesi ya mwako. Kifanyike injini ikiwa ya moto, na kirudiwe siku nyingine kikionyesha buluu, kwa maana ufa mdogo huvuja tu injini ikipewa kazi. Fundi asiye na kichupa hicho apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, ya silinda zote nne. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, kwa kawaida gasketi imeungua katikati yake.

Vipimo vikisema ndiyo, hedi ifunguliwe, na usikubali kubadilishiwa gasketi peke yake. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, na hedi iliyochemka mara mbili inaweza kuwa imepinda. Ipimwe kwa rula iliyonyooka na fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi. Kiwango cha mwisho kwa injini hii ni milimita 0.05. Ikizidi, iende kwenye mashine kusawazishwa, ipimwe na nyufa kwa presha, na boliti zikazwe kwa mpangilio na hatua za kitabu cha injini. Fundi anayekaza kwa kukadiria mkononi atakurudisha kwake baada ya miezi mitatu.

Injini ya mtumba ni njia halali endapo hedi ina ufa, au kompresheni ya silinda zako imechoka kwa jumla na gari linakula oili. Lakini kumbuka unanunua kitu kilichokaa bandarini na sokoni bila wewe kujua kilichemka mara ngapi huko kilikotoka, na utalazimika kushughulikia namba mpya ya injini kwenye kadi ya gari TRA. Tena ukiifunga injini hiyo nyuma ya rejeta ileile iliyoziba, Kitonga itakupa jibu lilelile. Kwa 5A yenye kompresheni nzuri mimi ningetengeneza iliyopo.

Kulanti haitalifanya gari lako lipoe, na muuzaji akikuambia hivyo anatafuta biashara. Maji matupu hubeba joto vizuri zaidi kuliko mchanganyiko wake. Faida za kulanti ni nyingine na ni kubwa: inazuia kutu, inalinda sili ya pampu, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Kwa mfumo wako, unaobeba lita 5 hadi 6, kwanza usafishwe mpaka maji yatoke meupe, kisha ujazwe kulanti iliyo tayari, au iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na madini, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Soma lebo kwa makini, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa kwenye chupa zinazofanana nayo. Ukikwama kabisa, maji safi ya mvua ni bora kuliko ya kisima. Na dawa za kuziba uvujaji, ziwe za dukani au za kienyeji kama bizari na ute wa yai, zisiingie kwenye rejeta unayoishuku kuwa imeziba.

Kama fedha ni ya kupangilia, ningeanza na mfuniko, themostati na usafishaji wa mfumo, kisha jaribio la mpira wa juu na kipimo cha gesi, ndipo rejeta. Vitu vitatu vya mwanzo ni vya bei ndogo na unavihitaji hata gasketi ikiwa imeungua, hivyo hakuna shilingi inayopotea.

Kuhusu Njombe: ukishatengeneza, usiijaribu safari hiyo kwa mara ya kwanza ukiwa na watoto na mizigo. Nenda kwanza Morogoro na kurudi ukiwa peke yako, kisha upime maji asubuhi yake injini ikiwa baridi. Yakiwa hayajapungua, na dawa ya gesi imebaki buluu, nakuruhusu. Kitonga, zima kiyoyozi kabla ya kuanza kupanda, zima O/D (gia ya juu kabisa ya otomatiki), tumia gia ya 2 pale lori linapokulazimisha kutambaa, na uache nafasi kati yako na lori ili upate hewa isiyo ya moto wa ekzosi. Mshale wa Toyota umetengenezwa kukaa katikati hata joto linapobadilika kwa nyuzi kadhaa. Ukiuona umeondoka katikati na kupanda, basi joto limeshapita mbali. Washa hita yote, fungua vioo, tafuta mahali salama pa kusimama, na weka gia kwenye P huku injini ikiunguruma kwa mwendo mdogo. Mshale ukiendelea kupanda, au ukiona mvuke, au hita inatoa hewa baridi, zima mara moja, maana hita baridi inaonyesha kwamba maji hayazunguki tena. Katika hali hiyo mshale wenyewe unaweza hata kushuka, kwa kuwa kipima joto chake kimebaki kwenye mvuke, na madereva wengi wameua injini wakidhani imepoa.

Usifungue mfuniko wa rejeta iliyochemka, hata kwa kitambaa kizito. Maji ya nyuzi 115 yaliyokuwa yameshikiliwa na presha hugeuka mvuke papo hapo yakiachiwa, na huunguza uso na kifua. Subiri nusu saa na zaidi, ubonyeze mpira wa juu, na ukiwa umelegea kabisa ndipo ufungue taratibu. Maji ya baridi yasimwagwe juu ya injini ya moto wala kutiwa kwa wingi ndani yake, kwani hedi inaweza kupasuka. Washa injini, ongeza kidogo kidogo.

Dawa ikigeuka njano, au mpira wa juu ukikakamaa asubuhi kabla injini haijapata moto, gari lisitoke mjini. Lipeleke kwa fundi mwenye vifaa vya kupimia, ukiwa nawe umesimama hapo kuona vipimo vinavyosoma, na Desemba hiyo mpande basi.